Shangazi Hasimami kwa Mara Moja

Jumatatu, 2 Juni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko uwanjani. Ukungu mpaka magotini. Nimepanga madumu ya mchanga, manane, ya kufundishia kuegesha na kurudi nyuma. Nimemwasha Shangazi, mara ya tatu kaitika. Nani mwingine Tunduma nzima anamwasha kwa mara tatu? Mzee Simkoko, mwenye shule, humwasha kwa mara saba na maombi juu.

Nijisifu kidogo, daftari si langu? Mimi Eze, niliyeaga shule kidato cha pili, leo naitwa mwalimu. Waliomaliza vyuo wananiuliza mimi gia ya pili iko wapi. Raha hiyo haina mfano. Walimu wengine wa udereva mji huu wana vitambi na wanasinzia. Mimi nina miaka ishirini na minne na sisinzii.

Shangazi ni gari ndogo nyekundu, gia za mkono, ina pedali ya pili ya breki upande wangu. Jina nimempa mimi, kwa sababu ana masharti kama shangazi wa kweli. Breki hukanyagi mara moja akasimama. Unapampu. Moja, mbili, ya tatu ndiyo anasikia. Usukani anauvutia kulia, kwa hiyo unamshikilia kushoto muda wote, kama ng'ombe aliyeona mahindi ya jirani. Kleji, ile pedali ya kubadilishia gia, inashika juu kabisa, pale unapodhani umeshaachia.

Wanafunzi wangu nimewatungia na wimbo. Wakifika kwenye kibao cha kusimama wanaimba wakikanyaga: "Moja, mbili, tatu, Shangazi shikamoo!" Gari linasimama. Tunacheka. Watu wanakariri wimbo huo kuliko alama za barabarani.

Mtu akiona dereva anavyoshika usukani hapa mjini anajua, huyu katoka kwa Eze. Nimeacha alama.


Alhamisi, 5 Juni

Mwanafunzi mgumu amekuwa mwepesi. Mama Yeremia wa Itaka. Ana miaka kama hamsini, anakuja na kitenge juu ya sweta mbili, kwa dada yake, mtaa wa Sogea, ndiko anakolala siku za wiki. Siku ya kwanza aliniangalia juu mpaka chini akaniuliza, "Mwanangu, mwalimu yuko wapi?" Nikamwambia ndiye mimi. Akasema, "Haya. Mungu ana njia zake."

Leo kazunguka uwanja mara kumi bila kuzima injini. Kapampu vizuri, kashikilia kushoto vizuri. Nimempigia makofi.

Wakati tunapumzika kanieleza kwa nini ana haraka. Wana pikapu nyumbani, imefunikwa turubai. Baba Yeremia ndiye alikuwa anaendesha, sasa macho yameingia ukungu, haoni hata mbuzi aliye mbele yake. Kijana waliyemwajiri alivuka mpaka akaenda zake kwa wajomba, hajarudi. Kahawa inaiva. Kahawa mbivu ukiichuma leo lazima ifike kwenye mashine ya kumenya leo leo, ikilala kwenye gunia inachacha, na harufu yake haitoki tena. Mashine iko mbali na shamba lao. Mwaka jana walibeba kwa bodaboda, gunia moja moja, na nyingine zililala.

Anataka leseni kabla mavuno hayajashika kasi. Mtihani tarehe 13. Nikamwambia, mama, leseni hesabu unayo tayari. Wanafunzi wa Eze hawarudi mikono mitupu.

Nilisema hivyo. Naandika ili nisije nikajikana.


Jumamosi, 7 Juni

Nimepita gereji kwa Fundi Mwila kujaziwa upepo tu. Mama yake ni wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, baba yake wa hapa, kwa hiyo Kiswahili chake kina "mukwai", neno la heshima la kule, kila mwisho wa sentensi, hata akikutukana anakutukana kwa heshima. Kafungua boneti kabla sijamwambia. Kachungulia. Kachovya kidole kwenye mafuta ya breki, kakitazama, kakifuta kwenye suruali yangu. Suruali YANGU.

"Mafuta yameoza, huyu anataka sevisi tangu mwaka jana, mukwai. Niachie siku mbili."

Siku mbili! Nina wanafunzi watatu wa mtihani. Nikamwambia Shangazi hanywi dawa, anataka kubembelezwa tu. Akaniuliza stika iko wapi.

Sasa hapa nitaandika ukweli kwa sababu hakuna anayesoma. Pale juu ya kioo, pembeni, gereji hubandika stika yenye namba ya kilomita za sevisi inayofuata. Namba hiyo tuliipita zamani. Ilikuwa inanitazama kila siku, na wanafunzi wanaiona, wanauliza. Kwa hiyo nilitengenezesha stika yangu ya manjano, MWALIMU EZE, MIKONO SALAMA, nikaibandika juu yake. Imependeza sana. Watu wameipiga picha.

Mzee Simkoko anajua. Sera yake ni moja: gari linatembea? Basi lina nini?


Jumanne, 10 Juni

Dada Tumpe kaniudhi. Huyu ni mwalimu wa shule ile nyingine tunayochangia nayo uwanja. Ndiye mwanamke pekee anayefundisha udereva hapa, na anajua kwamba anajulikana. Gari yake nyeupe, ndani inanuka sabuni. Ana daftari la sevisi linaning'inia kwa kamba kwenye dashibodi, kama kadi ya kliniki ya mtoto. Kila wiki mbili anainama chini ya boneti na kitambaa.

Leo kasimama kuwaangalia wanafunzi wangu wakiimba. Kasema mbele yao, "Mdogo wangu, hapo ni shule au kwaya?"

Wakacheka. Hata Mama Yeremia kacheka, msaliti.

Nikamjibu kwamba gari lake ni la maonyesho, la kwangu ni la kazi. Dereva aliyejifunza kwenye gari laini ataogopa gari gumu. Wa kwangu wataendesha hata trekta lisilo na usukani. Jibu zuri. Nimelirudia kichwani mchana kutwa. Yeye kaenda kupima upepo wa tairi.


Alhamisi, 12 Juni

Kesho. Watatu: Mama Yeremia, kijana wa bodaboda kutoka Galula, na mwalimu wa shule ya msingi wa Chitete. Wote wameiva. Nimepiga pasi shati.


Ijumaa, 13 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Afande wa mtihani kafika saa mbili. Mpole, kofia imenyooka, karatasi kwenye ubao. Kabla ya mtu yeyote kupanda akaingia yeye kwenye Shangazi. Kakanyaga breki gari likiwa limesimama palepale. Pedali ikazama. Kaniangalia. Kakanyaga tena, ikazama kidogo. Mara ya tatu ikasimama. Akatoka, akafunga mlango taratibu kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

"Kwenye gari hili mimi sipandi. Na wewe usimpandishe mtu."

Nikasema, afande, hili ukilizoea... Hakuniacha nimalize. Akawauliza walimu wengine nani ana gari zima la kuazima. Dada Tumpe akanyoosha funguo.

Wakafanyia mtihani kwenye gari lake.

Wa kwanza mwalimu wa Chitete. Afande kasema simama. Mwalimu kakanyaga kwa nguvu ile ya Shangazi. Gari likasimama papo hapo. Kofia ya afande ikaruka ikatua kwenye dashibodi. Halafu mwalimu, gari limeshasimama kabisa, akakanyaga tena mara mbili. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anaimba.

Kijana wa Galula kashikilia kushoto kama nilivyomfundisha, gari la Dada Tumpe likaenda kushoto kama lilivyoelekezwa, madumu matatu chini.

Mama Yeremia alikuwa wa mwisho. Kleji ikashika chini, yeye akiitafuta juu. Gari likaruka likazimika. Kawasha, likaruka, likazimika. Mara ya tatu likaondoka. Kufika kwenye kibao kafunga breki, afande kajishika kwa mikono miwili. Alikuwa ameshajiandaa, masikini.

Wamefeli wote. Watatu kwa watatu. Warudie tarehe 27.

Afande hakugomba. Aliuliza tu, "Hawa wote mwalimu wao mmoja?" Watu wakanionyesha kwa vidole kama mwizi wa kuku.

Mama Yeremia alifunga kitenge vizuri akaenda kusubiri gari la Vwawa, njia ya kwao. Ningependa angenitukana.

Dada Tumpe alikuja kuchukua funguo zake. Akasema polepole, mimi tu nisikie, "Eze, wewe hufundishi watu gari. Unawafundisha ugonjwa wa gari."

Namchukia.


Jumamosi, 14 Juni

Bado namchukia.

Ila sijapata jibu la kumpa. Nimelitafuta tangu jana.


Jumatatu, 16 Juni

Mama Yeremia karudi. Nilidhani atahamia kwa Dada Tumpe. Nikamuuliza kwa nini hakuhama. Kasema, "Ng'ombe ukianza kumkama wewe, unamaliza wewe." Kasema pia wameanza kuchuma. Magunia mawili yalilala Jumamosi. Kasema hivyo akiwa anafunga mkanda, bila kunitazama.

Nimemwambia Mzee Simkoko tupeleke gari gereji. Kasema, "Wanafunzi wako wamefeli, unasingizia chuma." Kasema kama siwezi, kuna vijana kumi pale stendi wanaweza.

Nimechukua funguo nikatoka.

Nimebuni mbinu. Nitawafundisha kwa akili. Kuanzia kesho wanakanyaga mara moja tu, kama gari zima. Wakikosea mimi nina pedali yangu. Mguu wangu ni breki ya pili. Sina wasiwasi.


Jumanne, 17 Juni

Naandika daftari likiwa gotini. Mwandiko utasomeka tu.

Tumetoka barabarani. Tumepanda na kushuka vilima asubuhi yote, Mama Yeremia anaendesha. Kila nikisema simama anakanyaga mara moja, Shangazi anasita, mimi namalizia kwa pedali yangu. Nikawa najiona mjanja. Nikawa napiga mluzi.

Saa tano tunashuka ule mteremko wa kuingia mjini. Foleni ya malori imesimama kama kila siku, yanasubiri kuvuka mpaka. Lori la mwisho limebeba mbolea, tela refu, matairi yamekaa chini kwa uzito. Nikasema, "Simama nyuma ya lile, mama. Mara moja tu." Akakanyaga mara moja.

Shangazi hakusita. Alienda.

Nikakanyaga ya kwangu. Ikazama mpaka chini. Hakuna kitu. Ni kama kukanyaga mkate. Nikapampu, moja, mbili, tatu, nne. Mkate. Mama Yeremia anaita jina la Yesu kwa Kinyiha, mikono iko kwenye usukani, haachii. Tela linakua. Nikaona maandishi yote ya namba nyuma yake. Nikashika hendibreki kwa mikono miwili nikavuta na mwili mzima, nikamwambia gia ya kwanza, akaingiza, injini ikalia kama inachinjwa. Nyuma ikateleza. Tukasimama.

Nilishuka nikapima. Shubiri moja na vidole viwili. Kati ya boneti ya Shangazi na chuma cha tela.

Dereva wa lori, mtu wa ng'ambo, alitoka kwenye kivuli cha tairi lake alikokuwa anapika chai. Akaangalia nafasi ile. Akaangalia kibao cha L. Akaangalia stika yangu ya manjano. "Iwe, wewe," akaniambia, "mikono salama ni ya nani hapa?"

Nikamfungulia Mama Yeremia mlango.

Mama Yeremia alikaa kwenye nyasi. Nikakaa. Dereva akatuletea chai kwenye kikombe kimoja. Tulikunywa kwa zamu. Baadaye mama akaniuliza, "Mwalimu, pedali yako na yangu, si ni mbili?"

Nikamwambia ni mbili.

"Sasa mbona zilikufa pamoja?"

Kwa sababu mafuta ni yale yale, mama. Bomba ni lile lile. Mguu wangu ukanyage utakavyo, unakanyaga mafuta yale yale niliyoambiwa yameoza. Nilikuwa najua. Nilibandika jina langu juu ya kujua kwangu.

Hiyo ya mwisho sikumwambia. Nitamwambia.


Jumatano, 18 Juni

Shangazi kavutwa kwa kamba mpaka kwa Fundi Mwila. Nimekwenda ofisini kwa Mzee Simkoko, nikaweka vitu viwili mezani, funguo na ile stika ya manjano, nimeibandua kwa kucha. Nikamwambia, mzee, sifundishi tena kwenye gari hili mpaka lifanyiwe sevisi yote. Akasema atampa funguo mtu mwingine. Nikamwambia funguo hizo hapo, gari liko kwa fundi na halina matairi, nimemwambia ayafungue kwanza kabla ya yote.

Hapo nilijipenda.

Mzee akaanza kupaza sauti. Mama Yeremia alikuwa amekaa nje kwenye benchi, mimi sikumwita. Akaingia, akamwamkia vizuri, akakaa bila kukaribishwa. Akamweleza habari ya jana taratibu, bila chumvi, kama anasimulia mazishi. Tela, shubiri moja, chai. Halafu akasema, "Baba, ungekuja Itaka kutueleza wewe? Au ungemtuma huyu mtoto?"

Mzee alivua miwani. Akaifuta. Akaifuta tena, na ilikuwa safi.

Akasema gari lifanyiwe.

Nje nilimwambia mama habari ya stika. Yote. Akanipiga kofi dogo la kisogoni, la mama. Akasema, "Sasa nimekuwa mwanafunzi wako kweli."

Sijaelewa maana yake. Lakini kofi lilinipunguzia uzito.


Alhamisi, 19 Juni

Gereji siku nzima. Ovaroli ya kuazima. Fundi Mwila kanipa spana, kasema mwalimu na asome.

Mafuta ya breki yametoka meusi, kama kahawa iliyosahaulika jikoni. Kanieleza. Mafuta hayo yakikaa sana yananyonya maji. Ukikanyaga breki mteremko hadi mteremko yanapata moto, yale maji yanachemka, yanakuwa mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Ndiyo mkate nilioukanyaga. Na gari la kufundishia linakanyagwa breki zaidi kwa siku moja kuliko gari la mtu linavyokanyagwa kwa wiki. Kleji vivyo hivyo. Kila mwanafunzi anaiunguza kidogo, halafu anakuja mwingine. "Gari la shule linazeeka kama mbwa, mukwai, mwaka mmoja ni saba."

Pedi za breki zimebaki chuma. Tairodi, kile chuma cha kuunganisha usukani na tairi, inacheza, ndiyo iliyokuwa inavuta kulia. Sahani ya kleji nyembamba kama chapati ya mgahawani.

Masharti yote ya Shangazi, yale niliyoyatungia wimbo, yalikuwa pale mezani, yamepangwa juu ya gazeti. Hakuwa na tabia. Alikuwa anaumwa.


Jumamosi, 21 Juni

Amepona! Kaitika mara ya kwanza. Nusura nimbusu.

Nikampakia Fundi Mwila tukamjaribu Shangazi. Mimi dereva. Nikaondoka kwa madaha, mkono mmoja. Shangazi akaenda moja kwa moja kwenye mtaro wa kushoto. Nilikuwa namshikilia kushoto, kumbe havuti tena. Nikamrudisha. Kufika njia panda nikakanyaga breki. Fundi akapiga paji la uso kwenye kioo. Halafu mguu wangu, wenyewe, bila kuniuliza, ukakanyaga mara ya pili na ya tatu.

Fundi hakusema hata mukwai.

Mimi. Mwalimu. Ningefeli mtihani.

Nimecheka peke yangu mpaka nimelia kidogo. Usiniulize kwa nini, daftari.


Jumatatu, 23 Juni

Nimekwenda kwa Dada Tumpe. Nimekwenda kwa miguu yangu. Nikamwamkia. Nikamwambia anikalie pembeni nifanye mazoezi, nitoe ugonjwa mguuni. Nilisubiri anicheke.

Hakucheka. Akaingia, akafunga mkanda, akasema, "Twende, mdogo wangu. Taratibu." Saa nzima uwanjani. Mwisho akaniambia kwamba alipoanza kufundisha gari lake lilikuwa na taa moja ya kuonyesha kona, ya kushoto tu. Wanafunzi wake wote walikuwa wakikata kulia kimya kimya. Mmoja alivunjika mguu. Tangu hapo ana lile daftari la kamba.

Kumbe.

Mchana nimewaita watatu wangu. Nimewaambia wimbo umekufa. Mwalimu wa Chitete kasikitika sana, alikuwa ameshawafundisha watoto wa darasa la pili. Tumeanza upya kama hawajawahi kushika usukani. Kijana wa Galula kanitania, "Mwalimu, hata Shangazi kaokoka?" Ndiyo. Kaokoka. Na mimi nyuma yake.


Alhamisi, 26 Juni

Siku tatu za kusahau. Kusahau ni kazi kuliko kujifunza. Mama Yeremia bado mguu unamrukaruka, unakanyaga mara ya pili. Leo kavua kiatu cha kulia, kaendesha na soksi ili ausikie mguu wake. Ikakubali. Saa nzima hakupampu hata mara moja.

Nyumbani kwao magunia matatu zaidi yamechacha. Kaniambia tu. Nimejua la kufanya ni moja, afaulu.


Ijumaa, 27 Juni

Afande kakanyaga breki ya Shangazi. Mara moja. Ikashika juu, ngumu, kama ngazi. Kakanyaga tena kuhakikisha. Kafungua boneti. Kaona kwenye dashibodi pale nilipofunga kadi mpya kwa kamba, nimeiga kwa Dada Tumpe, sioni aibu. Tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, sahihi ya fundi, sahihi yangu. Kaisoma yote.

Kapanda. Kavua kofia kwanza, kaipakata. Hajasahau, afande huyu.

Mwalimu wa Chitete kapita.

Kijana wa Galula kapita, madumu yote manane yamesimama.

Mama Yeremia kavua kiatu. Afande kataka kuuliza, kaacha. Kaondoka laini, gari kama linaelea. Kaegesha. Karudi nyuma. Kwenye kibao cha kusimama nilifumba macho. Nikasikiliza. Nilisubiri kile kishindo-kishindo-kishindo.

Sikusikia kitu. Nikafumbua. Gari limesimama, kofia iko palepale mapajani.

Amepita. Watatu kwa watatu!

Nimepiga kelele uwanja mzima. Nimemwinua Dada Tumpe juu, kanipiga na daftari lake. Mzee Simkoko kaja na soda, kawaambia watu eti shule yake ina sera ya kufanya sevisi kila mwezi. Nimemwacha aseme. Kadi ina sahihi yangu, na sasa sera kaisema mbele za watu, ataishika.

Acha nijisifu sasa, maana leo kuna cha kujisifia. Mwalimu wa udereva hafundishi kwa mdomo. Gari ndilo linafundisha, yeye anasindikiza. Likiwa bovu, linafundisha ubovu kutwa nzima, yeye akiwa anapiga mluzi. Likiwa zima, hata mimi wa kidato cha pili natoa madereva. Nimetoa watatu. Hawana alama yangu yoyote. Ukiwaona barabarani hutajua wametoka kwa nani. Hiyo ndiyo sifa, na Tunduma nzima ni mimi na Dada Tumpe tu tunaoijua.

Sawa, na Fundi Mwila.


Jumatano, 9 Julai

Itaka. Mama Yeremia alipata leseni jana, akaniita leo nije nione. Nimefika na baridi ya asubuhi. Turubai limekunjwa, liko juu ya uzio linakauka.

Kabla ya kuwasha alifungua boneti. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akapima. Akatazama kikopo cha mafuta ya breki akiwa amekunja uso. Pikapu ilishakwenda gereji wiki iliyopita, sikumwambia mimi. Baba Yeremia alisimama kando, mkono kwenye bodi, anasikiliza injini. Akasema inalia vizuri.

Magunia saba ya kahawa mbivu, yamechumwa leo. Mimi nilikaa kushoto. Upande wangu hakuna pedali. Sakafu tu.

Barabara ina makorongo na kuna mteremko mmoja mkali kabla ya mashine. Mama alishusha gia mapema. Nilitazama migomba.

Mlangoni pa mashine alikanyaga mara moja, pikapu ikasimama. Vijana wakaanza kushusha.

Ndipo nikakumbuka kuangalia mguu wangu. Ulikuwa umetulia. Sidhani kama ulitafuta breki safari nzima.